Duka limekua, daftari limechoka

CHINI ya kaunta za maduka mengi jijini Nairobi huwa kuna daftari kubwa lenye jalada jeusi na uti mwekundu. Kurasa zake zina alama za vidole vyenye grisi, na katikati mmechomekwa stakabadhi ambazo wino wake umefifia. Mwenye duka hulijua daftari hilo kama mkulima ajuavyo mipaka ya shamba lake. Mwulize fundi fulani anadaiwa pesa ngapi, naye atafungua ukurasa wenyewe bila kupapasa.

Daftari hilo si la kuchekwa. Limelipa karo, limelipa mahari na limejenga nyumba za mawe mashambani. Tena mtindo wa kuandika kila shilingi mara mbili, palipotoka na palipoingia, ulielezwa kitabuni na mtawa Luca Pacioli huko Venice mwaka wa 1494, na hadi leo programu ya bei ghali kabisa hufanya vivyo hivyo ndani ya tumbo lake.

Shida huja biashara inapokua.

Tuchukue mfano, msomaji, wa bwana na bibi wanaouza vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga. Ni watu wa mfano tu, ila ukipita huko leo huenda ukawaamkua bila kujua. Walianza na kibanda cha mabati, wakapata duka, kisha wakafungua tawi Thika na jingine Nakuru. Walipofungua la pili walinunua programu ndogo ya hesabu, wakaitia katika kompyuta moja, na karani wao wa miaka 12 akajifunza kuitumia. Ilifaa. Sasa haifai tena, na dalili zaonekana hata na mtoto.

Thika hutuma mauzo ya siku kwa picha ya simu, karani wa Nairobi akayanakili usiku. Nakuru huuza breki padi ambazo Nairobi imekwisha kumwahidi mteja mwingine. Ifikapo tarehe 18 karani halali, kwa maana tarehe 20 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa KRA hesabu za VAT za mwezi uliopita. Benki nayo, ikiombwa mkopo wa kununulia shehena, huitisha hesabu za miezi sita. Kuzitayarisha ni kazi ya wiki tatu, na zikifika zina makosa. Bibi anasema wanunue programu mpya. Bwana anajibu kwamba ile ya zamani haijafa.

Wote wawili wana haki ya kusikizwa. Programu mpya isiyotayarishiwa inaweza kuangusha duka ambalo daftari lilikuwa limelishikilia.

KRA hodi mlangoni

VAT ilipoanza kutozwa nchini Kenya mwaka wa 1990 mahali pa kodi ya mauzo, karani hodari mwenye kalamu na kikokotoo aliimudu vizuri. Mambo yamebadilika. Malipo ya M-Pesa, ambayo huduma yake ilianza Machi 2007, huingia mara mia kwa siku, mengine kwenye nambari ya duka, mengine kwenye simu ya bwana, mengine kwenye simu ya bibi. Tangu 2023 KRA nayo imekuwa ikiwataka wafanyabiashara watoe ankara kupitia mfumo wake wa eTIMS. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliongeza makali: kuanzia Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya namna hiyo haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, ila zile chache zilizosamehewa.

Maana yake ni nini kwa mwenye duka? Ni kwamba ukimnunulia fundi wa jua kali rafu za Sh200,000 na huna ankara hiyo, KRA itazihesabu pesa hizo kana kwamba bado ziko mfukoni mwako.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuza programu lisiwe juu ya rangi za kioo au grafu zinazopanda na kushuka. Mwambie atoe ankara ya majaribio hapo hapo mbele yako, akuonyeshe jinsi inavyofika eTIMS bila karani kuiandika mara ya pili. Akianza kusema hilo litakuja katika toleo lijalo, mpe chai, mshukuru, na umwonyeshe mlango.

La pili ni mishahara. Oktoba 2024 makato ya NHIF yaliondoka, yakaingia ya SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kabla ya hapo, Machi mwaka huo huo, sheria ya nyumba za bei nafuu ilikuwa imeleta asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi sawa na hicho kwa mwajiri. Mwajiri ambaye programu yake ilichelewa kupokea viwango vipya alilazimika kurudi kwenye kikokotoo. Uliza, basi: viwango vikibadilika, nani huvirekebisha, kwa siku ngapi, na kwa bei gani?

Na bei yenyewe iangaliwe kwa jicho kali. Zamani ulinunua programu mara moja ikawa yako. Siku hizi nyingi hulipiwa kila mwezi kama kodi ya nyumba, na baadhi ya zile za kigeni hulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia Sh160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi takriban Sh130. Programu ya dola 40 kwa mwezi ilikuwa Sh6,400, ikawa Sh5,200, na hakuna aliyekuuliza maoni yako. Aidha, wengine hutoza kwa kila mtumiaji. Matawi matatu yenye watu wawili wawili ni watu sita.

Kuna wanaokimbilia programu za wizi zinazouzwa kwa Sh1,000 kichochoroni. Mwandishi huyu hana maneno mengi juu ya hao. Programu ya wizi haiwezi kupokea marekebisho, na siku ikizima na hesabu zako, aliyekuuzia atakuwa amebadilisha laini ya simu.

Vumbi la ghalani

Watu wengi hudhani kuhama ni kutia programu mpya, kubonyeza mahali, na hesabu zote za zamani zikatiririka kama maji kwenye mfereji. La hasha. Kazi kubwa hufanyika kabla, na hufanyika ghalani, katikati ya vumbi.

Turudi kwa watu wetu wa vipuri. Programu ya zamani inasema mali iliyo dukani ni ya Sh4,200,000. Jumamosi jioni wanafunga milango ya matawi yote matatu kwa wakati mmoja na kuhesabu kipande baada ya kipande, wawili wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Jumapili usiku wanapata Sh3,650,000. Zile Sh550,000 ziko wapi?

Nyingine zilivunjika zikatupwa bila mtu kuandika. Nyingine zilirudishwa kwa muuzaji wa jumla. Baadhi, tuseme ukweli, zilitoka na watu. Hata katika zile zilizopatikana kuna kabureta za magari ambayo hayaonekani tena barabarani, zimekaa rafuni tangu enzi za Moi, na bado kitabuni zina thamani kamili. Mali ambayo hakuna atakayeinunua si mali, na kuhama ndiyo nafasi ya kukiri hivyo. Inauma. Lakini ukiingiza Sh4,200,000 katika programu mpya, utakuwa umehamisha uongo kutoka nyumba ya zamani hadi nyumba mpya, tena kwa gharama.

Kisha yaja majina. Karani wa Nairobi huandika “breki padi Probox”. Wa Thika huandika “pedi za breki, mbele”. Wa Nakuru huandika nambari iliyo kwenye boksi. Kwa binadamu hiki ni kitu kimoja. Kwa tarakilishi ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kitaonyesha upungufu au ziada isiyokuwapo. Kaeni chini, mkubaliane jina moja na nambari moja kwa kila bidhaa, hata kama kazi hiyo itakula wiki mbili. Hapa ndipo mwanafunzi aliye likizoni husaidia sana, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi. Tahadhari moja tu: asiwe yeye peke yake anayejua nywila. Kuna familia ambazo mtoto alirudi chuoni muhula ulipofunguliwa na duka likabaki nje ya hesabu zake lenyewe.

Madeni nayo yasihamishwe kwa jumla. Fundi wa gereji anadaiwa Sh86,000. Ukiandika jumla hiyo peke yake, programu mpya italiona deni kana kwamba ni la jana. Lakini kiasi hicho ni ankara tatu, na mojawapo, ya Sh40,000, ina miezi 14. Ingiza kila ankara na tarehe yake halisi. Kabla ya hapo mpelekee kila mdeni hesabu yake na umwombe aikubali. Wengine watakukumbusha kwamba walilipa Sh10,000 siku ya mvua na karani hakuandika. Afadhali mabishano hayo yafanyike sasa kuliko baada ya miezi sita.

Hesabu za miaka iliyopita zenyewe huna haja ya kuzihamisha zote. Baki za kuanzia, ankara ambazo hazijalipwa na orodha ya mali iliyohesabiwa zinatosha. Yaliyobaki yachapishwe na kuwekwa, pamoja na nakala zake, kwa kuwa Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 yataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka mitano. Kompyuta ya zamani isigawiwe shangazi.

Mtego mwingine, mdogo kwa sura, ni bei zenye VAT na zisizo na VAT. Bidhaa iliyobandikwa bei ya Sh1,160 ina Sh160 za serikali ndani yake. Ukiiambia programu kwamba bei hizo hazina kodi, itaongeza asilimia 16 juu, mteja aitishwe Sh1,345.60, naye ataondoka akikutukana. Ukikosea upande wa pili, zile Sh160 zitaonekana kama faida yako, utazila, na tarehe 20 utatafuta pa kujificha.

Ni siku gani ya kuhama? Wahasibu hupenda mwanzo wa mwaka wa hesabu, nao wana sababu zao. Hata hivyo, kwa duka la familia Januari ni mwezi wa karo na Desemba ni mwezi wa safari za mashambani, wakati kila dereva anataka breki. Kwa vile VAT huhesabiwa kwa mwezi, tarehe mosi ya mwezi wowote usio na pilikapilika yafaa. Endesha za zamani na mpya sambamba kwa mwezi mmoja, ukilinganisha urari wa pande zote mbili kila Jumamosi. Wapo wanaoshauri miezi mitatu. Kwa maoni yangu hiyo ni kumchosha karani bure. Mtu anayeandika kila kitu mara mbili kwa miezi mitatu huanza kukosea pande zote mbili.

“Ni sisi”

Wengi hawatarajii kwamba programu mpya itaingia hadi sebuleni. Katika ile ya zamani, pesa zilizochukuliwa na wenyewe ziliandikwa “gharama nyinginezo” na mambo yakaisha. Mpya haikubali. Kila shilingi itokayo yataka jina. Mwisho wa mwezi wa kwanza, bibi anafungua ripoti.

“Baba watoto, hizi Sh118,000 ni za nini?”

“Za mafuta ya gari. Na ile harambee. Na karo.”

“Yaani ni sisi.”

“Ni sisi.”

Hakuna aliyeiba. Lakini duka ambalo wenyewe hawajilipi mshahara, kisha huchukua kwenye droo kila asubuhi, haliwezi kujua kama linapata faida au linakula mtaji. Na kama biashara imesajiliwa kuwa kampuni, basi kisheria ni mtu kando, na pesa zake si za mume wala za mke. Njia iliyo nyepesi ni kukubaliana kiasi maalum cha kila mwezi kwa kila mmoja, kilipwe siku moja, na simu za nyumbani zisipokee tena malipo ya wateja. Ugomvi utakuwepo. Mama mkwe aliyezoea kutumiwa kutoka dukani atauliza kulikoni. Yafaa mzungumze nyumbani kabla ya ripoti kutoka, si baada yake.

Karani wa miaka 12

Yuko mtu mwingine ambaye habari hizi humnyima usingizi, naye ni karani. Kwake, kila anachokijua peke yake ndicho kinga ya kazi yake. Sasa mnaleta mashine ijue yote hayo. Ukimwona akisahau nywila kila mara, au akisema “Mama, ile ya zamani ilikuwa haraka zaidi,” usikimbilie kumwita mkaidi. Huenda ana hofu. Pengine pia anasema kweli.

Mhusishe tangu siku ya kuchagua programu. Yeye ndiye ajuaye kwamba mteja fulani hulipa nusu kwa hundi na nusu kwa simu, na kwamba Nakuru hufunga mapema Ijumaa. Muuza programu hayajui hayo. Na ikiwa kazi yake itapungua, mwambie mapema atakalofanya: kufuata madeni, kwa mfano, ni kazi ambayo maduka mengi hayana mtu wa kuifanya.

Kisha kuna jambo zito zaidi. Mwezi wa kwanza wa programu mpya, hesabu hazitalingana na droo. Ni karibu lazima. Na jicho la mwenye duka litamwangukia aliye kwenye kaunta.

Kabla ya kumtuhumu mtu, kumbuka yaliyotokea Uingereza. Mwaka wa 1999 Shirika la Posta la huko lilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Punde wasimamizi wa matawi madogo wakaanza kuonekana na upungufu wa pesa ambao hawakuweza kuueleza. Walipolalamika, waliambiwa mashine haikosei. Hadi kufikia 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamepatikana na hatia ya wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Wengine walifungwa gerezani, wengine wakalipa kutoka mfukoni upungufu ambao haukuwepo, na wako waliojiua. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu huo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu za mamia yao kwa pamoja.

Walikuwa watu waaminifu katika vijiji vyao. Duka lako si shirika la taifa, lakini kijana aliye kwenye kaunta anaweza kupoteza kazi na jina kwa njia ile ile. Tofauti ikitokea, anza kuichunguza programu: je, stakabadhi iliingizwa mara mbili? Je, malipo ya M-Pesa ya usiku yaliandikwa siku ya pili? Je, bidhaa ilirudishwa na mali haikurudishwa kitabuni? Fanya hivyo ukiwa naye, karatasi mezani. Na kila mfanyakazi awe na jina na nywila yake mwenyewe, kwani pale ambapo wanne hutumia nywila moja, hakuna anayeweza kushtakiwa kwa haki wala kujitetea.

Giza likiingia

Programu za kisasa nyingi huweka hesabu mbali, katika mitambo ya kampuni, nawe huzifikia kwa intaneti. Faida yake ni kwamba mwizi akiiba kompyuta, haibi hesabu, na Nakuru huona kile Nairobi inachokiona. Hasara yake tunaijua. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na mtandao ukatambaa kama kobe katika Afrika Mashariki. Uliza kama programu yaweza kuuza bila mtandao na kujisawazisha baadaye. Weka pia kitabu cha stakabadhi cha karatasi chenye nambari. Daftari jeusi likibaki chini ya kaunta kwa siku kama hizo, hakuna aibu.

Majina na nambari za simu za wateja zilizo ndani ya programu hiyo nazo zina ulinzi wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Karani anayeondoka afungiwe mlango wa mfumo siku hiyo hiyo, hata mkiachana kwa heri.

Limebaki swali moja ambalo wanunuzi wachache hukumbuka kuuliza, na huulizwa kabla ya kutia saini: siku nikitaka kuondoka, au kampuni yenu ikifungwa, nitatoka na hesabu zangu zote kwa umbo gani, kwa siku ngapi, na mtanitoza pesa ngapi? Muuzaji mwaminifu ana jibu lililo tayari na ataliandika katika mkataba. Asiye na jibu atacheka na kusema hutataka kuondoka kamwe.